Presha ya Maji Kwenye Gari la Kambi: Kagua Kabla Hujatoka Nakuru

Wengi wanaotoka Nakuru kwenda Kisumu au Kakamega na gari la kambi, lile lenye kitanda, jiko na bafu ndani, hukagua magurudumu, oili na breki, halafu maji wanayaachia bahati. Usiku mfereji ukitoa kijiuzi chembamba, lawama zote huiangukia pampu. Kwangu mimi pampu ndiyo ya mwisho kushukiwa. Mara nyingi shida ni uchafu, hewa au umeme dhaifu, na hayo unayamaliza uani kwako.

Kwanza jua presha inapotelea wapi. Fungua mifereji mmoja mmoja. Ukiwa dhaifu mmoja tu, usiiguse pampu. Fungua ncha ya mfereji huo, utoe kiwavu kidogo kilichojaa mchanga na chokaa, ukiloweke kwenye siki usiku kucha, kisha ukisugue kwa mswaki mkuukuu. Kichwa cha bafu vivyo hivyo. Ikiwa maji baridi yanatoka vizuri na ya moto yanasuasua, tazama vali za hita. Huenda moja imeachwa nusu wazi.

Gari zima likiwa dhaifu, ndipo uifuate pampu. Upande wake wa tangi kuna kikombe kidogo cha plastiki, mara nyingi cha kuona ndani, chenye wavu. Nakisisitiza kikombe hiki kwa sababu husahaulika kuliko kitu kingine chochote. Zima pampu, funga maji, kifungue kwa mkono. Kwenye gari jipya unaweza kukuta vijipande vya plastiki vilivyobaki tangi lilipotobolewa. Kwenye gari la siku nyingi ni utelezi na matope. Ukikiosha, hakikisha washa yake, ile pete ya mpira inayozuia kuvuja, imekaa sawasawa. Ikikaa upande, pampu itavuta hewa na mfereji utakohoa na kutema.

Sasa funga mifereji yote, washa pampu, usikilize. Inatakiwa ingurume kidogo, kisha inyamaze. Ikigutuka kila baada ya muda na hakuna aliyefungua maji, kuna mahali panapovuja, au vali ya ndani ya pampu haishiki. Pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Palipolowa ndipo penye kazi. Barabara mbovu hulegeza klipu za mipira, kwa hiyo rudia ukaguzi huu hata ukifika.

Pampu nyingi za magari haya ni za volti 12. Betri ya kawaida ya asidi iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6, ikishuka chini ya 12, pampu huzunguka kivivu. Pima kwenye nyaya za pampu yenyewe huku maji yakitoka, kwa sababu kiungo chenye kutu hula volti njiani hata betri ikiwa nzima.

Ukifika kambi inayotoa maji kutoka tangi la mnara na presha ikiwa ndogo, usianze kufungua vitu. Kila mita ya urefu huleta bari 0.1 hivi (bari ni kipimo cha presha). Tangi lililo mita 4 juu ya mfereji wako linakupa bari 0.4, ilhali pampu ya gari kwa kawaida hufika karibu bari 3 kabla ya kujizima. Jaza tangi lako, chomoa mpira, tumia pampu.

Usijaze kutoka ziwani pale Dunga, ufuko wa Ziwa Victoria mjini Kisumu. Mwani utaziba wavu wako upesi, na kichocho kipo. Na ingawa hili si la presha: visima vingi vya Bonde la Ufa, Nakuru ikiwemo, vina floridi nyingi ambayo haiondoki kwa kuchemsha. Maji ya kunywa yabebe kando.

Weka garini washa za akiba, tepu ya nyuzi za bomba, klipu mbili tatu na wavu mmoja wa ziada. Ukaguzi wote ufanye siku mbili kabla ya safari, maduka ya vifaa yakiwa wazi, maana siki inahitaji usiku wake.