Kabla ya Kurusha Roketi Yako Mombasa

Anza na injini. Wengi hushinda wakipiga msasa mapezi na kuchagua rangi, ilhali injini yenyewe hawana wala hawajui wataipata kwa njia gani. Injini ya roketi ndogo ni mrija wa karatasi ngumu ulioshindiliwa baruti, na Kenya ina Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Kwa hiyo ulizia kibali kwanza. Usiitie kwenye begi la safari ya ndege, hata lile la mizigo ya chini, hairuhusiwi. Na wazo la kujishindilia baruti mwenyewe nyumbani, achana nalo kabisa. Kibali kikichelewa, rusha ile ya chupa ya soda inayosukumwa kwa maji na pampu ya baiskeli. Baadhi ya yafuatayo yanaihusu nayo.

Injini ina maandishi ubavuni, mfano B6-4. Herufi ni jumla ya nguvu, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia: A haizidi nyutoni-sekunde 2.5, B haizidi 5, C haizidi 10. Sita ni wastani wa msukumo kwa nyutoni. Nne ni sekunde za kusubiri baada ya moto kuisha, kabla parachuti haijasukumwa nje.

Herufi hiyo ndiyo inayoamua uwanja. Kanuni za National Association of Rocketry ya Marekani zinataka upande mfupi wa uwanja uwe kama mita 60 kwa B, na mita 120 kwa C. Maana yake kiwanja cha mpira kinatosha B, C hakitoshi. Kisiwani nafasi ya namna hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Changamwe, Chaani na Port Reitz ziko jirani na Uwanja wa Ndege wa Moi, kwa hiyo usifikirie huko. Ufukweni kunavutia, lakini piga hesabu: roketi ikifungua parachuti mita 150 juu na kushuka mita 4 kwa sekunde, itaelea sekunde 38 hivi. Upepo wa mita 5 tu kwa sekunde utaipeleka karibu mita 190. Alfajiri upepo wa umande unavuma kutoka bara, basi itaishia majini. Mchana wa kusi, upepo ukitoka baharini, itaishia juu ya mapaa ya watu. Bora utoke hadi upande wa Mariakani, uombe ruhusa ya mwenye shamba, na umwarifu mzee wa mtaa na kituo cha polisi. Mlio na moshi wa ghafla hauhitaji maelezo marefu ukishatangulia kusema.

Sasa marekebisho, ndiko kwenye utamu na ndiko roketi hugeuka wazimu. Kila unachoongeza kinahamisha kitovu cha uzito, yaani pale roketi inapotulia sawa ikining'inizwa kwa uzi. Kitovu hicho lazima kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, yaani pale nguvu za hewa ubavuni zinapokutana, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili wa roketi. Injini kubwa zaidi inakirudisha nyuma. Kamera ndogo puani inakisogeza mbele, lakini uzito wake unataka injini yenye kusubiri sekunde chache. Mapezi makubwa yanatuliza, ila yakizidi roketi hupinda kuufuata upepo. Kukadiria kitovu cha hewa, kata kivuli cha roketi kwenye kadibodi, ukisawazishe juu ya ukingo wa rula: pale kinapotulia ndipo. Kisha funga uzi kwenye kitovu cha uzito, injini ikiwa ndani bila kiwashio, uizungushe juu ya kichwa chako. Pua ikitangulia, vema. Ikienda mkia mbele au ikipinduka ovyo, ongeza udongo wa kuchezea puani, ujaribu tena.

Unyevu wa hapa nao una lake. Weka injini kwenye mkebe usiopitisha hewa pamoja na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya, na usiziache garini juani. Joto la kupanda na kushuka hupasua baruti, na injini iliyopasuka huweza kulipuka badala ya kusukuma. Parachuti ya plastiki ikikaa imekunjwa hugandana, kwa hiyo ikunje uwanjani na uinyunyizie poda. Chumvi nayo hula klipu za waya, zikwangue zing'are.

Siku yenyewe, washa kwa umeme ukiwa umbali wa mita 5 au zaidi, na ufunguo wa usalama ukae mfukoni mwako hadi watoto wote wawe nyuma yako. Isipowaka, toa ufunguo na usubiri sekunde 60 kabla ya kusogea. Ikinasa kwenye nyaya za umeme, iache huko huko. Ikinasa juu ya mnazi, mtafute mkwezi, mkubaliane bei kabla hajapanda.