Gari ya Kimarekani hapa Dar: jua ukoo wake kwanza ndo utoe hela

Juzi kati jamaa yangu kanipigia simu saa nne usiku, kaona Jeep Grand Cherokee inauzwa Mikocheni kwa bei ya Harrier na usingizi umeshakata, anataka nimwambie achukue au aache. Nikamuuliza ni ya mwaka gani, na mwaka huo kampuni ya Jeep ilikuwa mikononi mwa nani? Akanyamaza kidogo, akasema kaka mimi nakuuliza gari wewe unaniuliza historia.

Sasa ndo hapo wengi wanapoumia. Mtaani utaambiwa gari za Kimarekani zinabwia mafuta, spea hamna, siku ya kuuza hupati mteja, na watu wanaziongelea kana kwamba zote zimetoka tumbo moja. Mimi nazipenda hizi gari kwa moyo wote, na nachosema ni kwamba nembo ya mbele haikwambii spea utaitoa wapi wala fundi gani ataiweza. Ukoo ndo unakwambia. Kwaiyo naandika hapa namna ya kuchagua, kukagua na kuitunza, na ukiona nimerudi nyuma miaka mia vumilia, ina kazi yake.

Anza na usukani. Sisi tunapita kushoto, usukani uko kulia, na Detroit, mji wa viwanda vya magari vya Marekani, miaka yote wametengeneza kwanza kwa ajili ya barabara za kwao. Hapo nusu ya ndoto zinakatika. Ford Mustang imeanza kuuzwa Aprili 1964 lakini usukani wa kulia kutoka kiwandani tumekuja kuupata kwenye kizazi cha sita, kuanzia 2015. Hummer H2 ya usukani wa kulia haikutoka kiwandani, ila H3 ipo, ilikuwa inaunganishwa Port Elizabeth Afrika Kusini. Kwaiyo ukiletewa gari ambayo kiwandani haikuwahi kutoka na usukani wa kulia, ujue imehamishwa na mtu, na kuhamisha usukani kunagusa boksi la usukani, pedeli, dashibodi na nyaya zote zilizo nyuma yake. Ushauri wangu ni mfupi, achana nayo.

Alafu soma chesisi namba. Usiisome kwenye kadi tu, isome kwenye gari yenyewe, ilinganishe na kadi. Namba kamili ina herufi na tarakimu 17 na ile ya kwanza kabisa inakwambia gari imetengenezwa wapi: 1, 4 na 5 ni Marekani, 2 Kanada, 3 Meksiko. Sasa kakague Ford Ranger za hapa mjini, utakuta nyingi zinaanza na M au A, manake Thailand au Afrika Kusini. Chevrolet nyingi ndogo zinaanza na KL, hiyo Korea. Na ukikuta chesisi fupi isiyofika 17, mara nyingi hiyo gari iliuzwa Japani kwa ajili ya Wajapani wenyewe. Dakika mbili tu hizo na tayari unajua oda ya spea utaipeleka upande gani.

Ukoo wa Ford ndo umenyooka kuliko wote. Henry Ford kafungua kampuni 1903, Model T ikatoka 1908, na 1913 kwenye kiwanda chake cha Highland Park wakaanza ule mstari wa kuunganisha gari zikiwa zinatembea, muda wa kuunganisha chesisi moja ukashuka kutoka masaa 12 na kitu mpaka kama saa moja na nusu. Zikauzwa zaidi ya milioni 15 mpaka 1927. Wapenzi wa Ford wanajivunia kitu kingine pia: 2009 GM (General Motors, mwenye Chevrolet) na Chrysler wote wameenda mahakamani kufilisika, Ford hakwenda, kwasababu 2006 alishakopa mabilioni akaweka rehani mpaka nembo yake. Chuki ya shabiki wa Ford na wa Chevrolet inachochewa sana na hapo.

Ila kwa mtu wa Dar ndoa za Ford ndo muhimu zaidi. Ford alikuwa na hisa kwa Mazda kuanzia 1979 mpaka 2015, ndo maana Ranger za zamani ni ndugu wa Mazda, na hata ile iliyoanza 2011 ina pacha wake Mazda BT-50, spea kibao zinaingiliana. Kingine, kuanzia 2000 mpaka 2008 Ford ndo alikuwa mwenye Land Rover. Ile Defender ambayo mafundi wetu wanaiita Puma inatumia injini ya Ford, na injini za 2.2 na 3.2 za Ranger ni familia hiyo hiyo. Kwaiyo anayekwambia Dar hamna fundi wa Ranger hajamuuliza fundi wa Defender.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Ukiwa na Ranger ya 2.2 au 3.2 ya kuanzia 2011, ukimwaga oili usiiache injini tupu ikae. Pampu yake ya oili ikikauka inashindwa kuvuta tena, na mwongozo wa Ford ni urudishe oili ndani ya dakika kumi hivi. Mjomba wangu alipeleka ya kwake gereji moja, kijana akafungua nati ya chini, akamwaga oili vizuri kabisa, alafu ndo akagundua filta hana, akachukua bodaboda kwenda Kariakoo kuitafuta. Foleni, kaenda duka la kwanza hamna, la pili wamempa isiyo yenyewe, karudi baada ya masaa karibu matatu. Wakafunga, wakajaza oili, wakawasha. Taa ya oili haikuzima, na kabla hawajaelewa ni nini injini ikaanza kugonga. Mjomba alilipa hela ya injini nyingine kwa kosa la filta, na mpaka leo nikikumbuka sauti ile tumbo linakaza. Kwaiyo nunua filta na oili kabla, ziweke mezani, zihesabu, washa gari ipate moto kidogo, zima, mwaga, filta mpya, jaza, basi. Na usiondoke pale gereji kwenda kunywa chai.

Ford Focus na Fiesta za 2011 mpaka 2016 hivi zenye gia ya otomatiki ya klachi mbili, ile PowerShift, mimi nakwambia ziache kabisa. Klachi zake ni kavu na zinachukia mwendo wa kusogea kidogo unasimama kidogo, Marekani kwenyewe wateja walienda mahakamani kwasababu ya kutetemeka kwake. Sasa fikiria Ubungo saa kumi na moja jioni. Manyuo yake ni gari nzuri, hiyo chukua.

Chevrolet sasa. Louis Chevrolet alikuwa Mswisi, kaanzisha na William Durant 1911, 1918 ikaingia GM. Ule moyo wake ni injini ya V8 ndogo ya 1955 ambayo wapenzi wanaweza kukuimbia usiku kucha, na wana haki, ukoo wa injini ile umeshavuka milioni 100. Lakini ile V8 hapa kwetu utaisikia mara chache sana. Chevrolet za hapa zina mama watatu tofauti na ukikosea mama umekosea spea. Mfano mzuri ni Cruze, kuna Cruze mbili. Ya kwanza, ile fupi iliyouzwa Japani miaka ya 2000, ni Suzuki mtupu, chesisi inaanza na HR, mwambie muuza spea akupe za Swift ya zamani na Ignis. Ya pili, ile sedani kubwa, ni kazi ya Daewoo ya Korea ambayo GM aliinunua mwanzoni mwa miaka ya 2000, na huko ndiko zilikotoka Spark, Aveo na Captiva pia. Mama wa tatu ni Isuzu, Colorado ya Thailand ni ndugu wa D-Max. Na usiichanganye na Colorado ya kwanza ya Marekani, hiyo ndo ndugu wa Hummer H3, injini za silinda tano zile. Pickup mbili jina moja, injini tofauti.

Kingine cha kujua kuhusu GM ni kwamba kajiondoa ukanda huu: 2017 kiwanda chake cha Nairobi kimekuwa Isuzu East Africa, mwaka huo huo akafunga pia Afrika Kusini. Nembo nazo kaua nyingi, Oldsmobile 2004, Pontiac 2010, na Hummer ya mafuta nayo 2010. Nembo iliyokufa siyo lazima uikimbie, ila tafuta kwanza ndugu aliye hai anayevaa spea zile zile, ukimkosa ndo uikimbie.

Jeep ndo nimeiacha mwisho kwasababu imeolewa mara nyingi. Ilizaliwa vitani kwenye kampuni ya Willys 1941, ikaenda kwa kampuni ya Kaiser 1953, AMC 1970, Chrysler 1987, Daimler 1998, baadae Fiat, na tangu 2021 ni Stellantis. Kila mume kaacha kitu chake ndani. Cherokee ile ya kiboksi, XJ, iliyotoka mpaka 2001, ina injini ya 4.0 ya silinda sita za mstari iliyoanzia kwa AMC, chuma kweli kweli, na nyingi zimekuja kupitia Japani zikiwa na usukani wa kulia. Gia boksi yake ya otomatiki ni Aisin, ndugu wa damu wa A340 ya Toyota, kwaiyo fundi wa gia za Surf na Prado za zamani anaifahamu. Ila injini ina boliti za inchi, spana zetu za milimita zinateleza na kula vichwa, nenda na seti yako ya spana za inchi usimtegemee fundi. Zile za mwisho mwisho, 2000 na 2001, zina silinda hedi yenye namba 0331 inayojulikana kwa kupasuka, angalia kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Enzi za Daimler Grand Cherokee ikapata dizeli ya 3.0 V6 ya Mercedes, na ile ya 2011 kuendelea imechangia jukwaa, yaani umbo la chini la gari, na Mercedes ML. Gia boksi za Chrysler wenyewe nyingi zinataka oili inaitwa ATF+4, usikubali kuwekewa yoyote iliyopo dukani eti zote nyekundu.

Kabla hujatuma hela nje, ingia kwenye kikokotoo cha kodi cha TRA, mamlaka ya mapato, uweke modeli, mwaka na ukubwa wa injini, kodi inapanda na injini kubwa na inapanda tena na uzee wa gari, na hizi zetu zina vyote viwili. Siku ya kukagua nenda asubuhi injini ikiwa baridi, na mwambie muuzaji mapema asiiwashe. Beba mashine ndogo ya kusoma makosa, gari zilizouzwa Marekani kuanzia 1996 zote zina soketi yake chini ya dashibodi. Ukikuta kumbukumbu imefutwa muda si mrefu uliza kwanini. Alafu iingize kwenye foleni na AC ikiwa imewashwa, dakika arobaini, usihangaike na spidi ya Bagamoyo Road, kuchemsha kunajulikana ukiwa umesimama. Ukienda Gerezani au Shauri Moyo kutafuta spea beba namba ya spea yenyewe na ile kuukuu mkononi, ukitaja jina la gari tu utapewa kinachofanana.

Yule jamaa tulienda naye Mikocheni Jumamosi. Ikawa Grand Cherokee ya 2008 imetoka Uingereza, dizeli 3.0, manake ni ile ya Mercedes. Nikaweka tochi katikati ya V ya injini, chini ya vitu vya juu vyote, nikakuta oili imeshaanza kulala pale, sili za kipoza oili zimechoka, ugonjwa wa siku zote wa injini hiyo na kazi yake ni kushusha nusu ya vitu vya juu. Tukampigia fundi wa Mercedes anayefanyia kazi Mwenge, akatutajia sili na ufundi ni kiasi gani kwa simu bila hata kuiona. Jamaa akakata hiyo hela kwenye bei mbele ya muuzaji, wakabishana kama nusu saa, wakaelewana, Jumatatu gari ikaenda Mwenge moja kwa moja kabla haijafika nyumbani kwake.