Jinsi ya Kuchunguza Chakula na Msongamano wa Koyoti Katika Misitu ya Kaskazini

Mwongozo huu unawafaa wanafunzi wanaojiandaa kwa kazi ya uwandani katika misitu ya Yukon, nchini Kanada. Unaeleza jinsi ya kutumia vinyesi vya koyoti, mnyama wa jamii ya mbwa wa Amerika Kaskazini, kujua anakula nini na msongamano wake, yaani idadi ya koyoti katika eneo fulani.

1. Kupanga njia. Fanyeni kazi wakati wa baridi, kwa kuwa kinyesi kilichoganda huhifadhi DNA vizuri. Koyoti huzama katika theluji laini, hivyo hupendelea njia zilizokwisha kushindiliwa, zikiwamo za pikipiki za theluji. Anayekagua njia hizo pekee atawaona wengi kuliko walivyo, kwa hiyo ongezeni mistari inayokata msitu.

2. Kukusanya. Vaeni glavu. Kinyesi kinaweza kubeba mayai ya tegu Echinococcus multilocularis, ambayo friza ya kawaida haiyaui. Kihifadhini kwa nyuzi 80 chini ya sifuri kwa siku kadhaa kabla ya kukifungua.

3. Kumtambua mwenye kinyesi. Hatua hii ndiyo inayokula muda. Kupima unene wa kinyesi sikupendekezi hata kidogo, kwani vipimo vya koyoti na vya mbweha mwekundu hupishana. Kwangueni tabaka la nje, ambalo hubeba seli za utumbo wa mlaji mwenyewe, na muepuke kiini, ambacho kimejaa DNA ya mawindo. Baada ya kuthibitisha spishi, mtambueni kila mnyama binafsi, na kila sampuli ipimwe zaidi ya mara moja: DNA iliyochakaa hupoteza aleli (matoleo ya jeni yanayotofautisha mnyama mmoja na mwingine), na aleli moja ikikosekana koyoti mmoja huhesabiwa kuwa wawili, jambo linalopandisha msongamano bila onyo lolote. Sampuli inayotoa majibu yanayogongana itupwe, hata kama ilipatikana kwa taabu.

4. Chakula. Osheni, kausheni, kisha linganisheni manyoya kwa hadubini. Msiishie kuhesabu mara ambazo windo limeonekana, kwa maana panya wadogo huacha manyoya na mifupa mingi kuliko uzito wao unavyostahili. Geuzeni hesabu iwe uzito wa nyama iliyoliwa.

5. Msongamano. Tumieni modeli ya kunasa na kunasa tena, yaani hesabu inayokadiria idadi kutokana na mara ambazo mnyama yuleyule anapatikana tena (hapa kupitia DNA ya kinyesi chake), na inayozingatia mahali kila mnyama alipopatikana. Idadi ya vinyesi peke yake haitoshi, kwa sababu jozi zenye himaya huvitumia kuweka alama zaidi kuliko koyoti wanaotangatanga.

6. Kuandika matokeo. Tajeni mlikuwa mwaka gani wa mzunguko wa sungura wa theluji, yaani kupanda na kushuka kwa idadi yao, ambao huchukua takriban miaka 10. Katika utafiti wa Kluane, huko Yukon, wa 1986 hadi 1996, koyoti waliongezeka na kupungua kwa takriban mara 6 wakifuata sungura hao, hivyo takwimu za majira mamoja zisipewe jina la wastani wa msitu.