Akirudi na hasira, mpe karanga za kumenya

Kijana akiingia amekunja uso na kubamiza begi chini, usimwulize "Una nini wewe?" Mpe chakula kwanza, kisha kaeni ubavu kwa ubavu mmenye karanga (hapa Dodoma hazikosekani), nawe unyamaze. Wangu alianza kusema kabla sinia halijafika nusu. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayozuia hasira, hukomaa baada ya miaka 20 na kitu. Njaa na jua la njiani huizidishia mzigo, na mzazi akimkazia macho, kijana anajiona yuko mahakamani. Njia hii haifai kama mmegombana nyinyi wawili muda huohuo. Acheni hadi kesho. Ila hasira ikidumu wiki mbili, hapati usingizi, anajitenga, mpeleke hospitali. Akitaja kufa, mpeleke siku hiyohiyo.