Namna ya kupitia medikali-sajiko kabla ya pepa: anzia kwenye kinachoua

Wadogo zangu mnaojiandaa na pepa ya mwisho ya diploma au ule mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga kabla ya leseni, leo naongelea medikali-sajiko (uuguzi wa magonjwa ya ndani na ya upasuaji) maana ndo kozi inayowamaliza watu, na inawamaliza kwa wingi wake zaidi ya ugumu. Desa (zile notsi za kozi) lina kurasa kibao, kila ugonjwa una maana, visababishi, aina, dalili, vipimo, matibabu, mpaka uje ufike madhara yake mwisho kabisa wa mada, na mtu anaanza ukurasa wa kwanza anakremu maana ya presha, akifika kisukari kachoka, yale madhara hajayagusa. Alafu pepa inakuja na mgonjwa wa miaka 54, siku ya kwanza baada ya kupasuliwa tumbo, mapigo 124, presha 92 kwa 60, mkojo mililita 15 kwa saa, utafanya nini kwanza? Hapo maana ya ugonjwa haikusaidii kitu.

Kwa hiyo pindua desa. Kila ugonjwa anzia mwisho, jiulize maswali manne tu: kitu gani kitamuua au kumlemaza huyu mgonjwa leo usiku, dalili gani inatangulia kabla hakijatokea, mimi nesi nafanya nini daktari akiwa bado yuko njiani, na kitu gani nikifanya namharibu. Ukishajibu hayo manne rudi sasa kwenye visababishi na vipimo, utashangaa vinakaa kichwani vyenyewe kwa sababu vina pa kushika.

Tuchukue kisukari tuone inavyofanya kazi, kwa sababu ndo mada inayotoka sana na wodini ndo utakutana nayo kila shifti. Kinachoua haraka kuliko vyote ni sukari kushuka, chini ya 3.9 kwa mmol kwa lita (kama mashine yako inasoma mg kwa desilita basi ni 70, zidisha mmol kwa 18 unapata mg, hii hesabu iwe kwenye vidole). Dalili zinazotangulia ni jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa, mgonjwa anaanza kuongea hovyo au anakuwa mkali bila sababu, na hapa watu wengi wanadhani mgonjwa ana kiburi kumbe ubongo hauna sukari. Akiwa macho na anameza mpe sukari gramu 15, mfano soda ya kawaida nusu glasi hivi, soda yenye sukari kweli sio ile ya daieti, subiri dakika 15 pima tena, bado iko chini rudia, ikipanda mpe chakula. Akiwa hajitambui usimtie kitu mdomoni hata tone, kitaenda kwenye mapafu, huyo ni dekstrosi kwenye mshipa. Na kumbuka mgonjwa anayemeza propranolo ya presha anaweza asitetemeke wala mapigo yasipande, jasho ndo linabaki kukuonyesha, hili swali wanalipenda.

Upande wa pili sukari imepanda na asidi imejaa kwenye damu, ketoasidosisi. Anapumua kwa kina na haraka, ile pumzi ya Kussmaul, mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana, tumbo linauma, anatapika, amekauka. Ukiulizwa cha kwanza ni nini wengi wanakimbilia insulini. Cha kwanza ni maji, salaini, kwa sababu huyu mtu amekojoa maji yake yote, na kabla insulini haijaingia lazima potasiamu ijulikane. Elewa kwa nini, usikariri: mwili wake umepoteza potasiamu nyingi kwenye mkojo lakini kwenye damu inaweza kuonekana ya kawaida au hata juu, sasa ukimpa insulini inaisukuma potasiamu kuingia ndani ya seli, kwenye damu inaanguka ghafla, moyo unavurugika mapigo, mgonjwa anafia mikononi mwako wakati sukari inashuka vizuri tu. Ndo maana potasiamu ikiwa chini ya 3.3 mmol kwa lita insulini inasubiri potasiamu irudishwe kwanza, na miongozo mipya imepandisha hicho kiwango mpaka 3.5. Na potasiamu inaenda ndani ya dripu taratibu, haisukumwi na sirinji kwenye mshipa hata siku moja, hata ukiambiwa na nani. Sukari ikishuka mpaka kama 14 mmol wanaongeza dekstrosi kwenye dripu huku insulini ikiendelea, watu wanachanganyikiwa hapa, wanauliza mbona unampa sukari mtu wa sukari? Kwa sababu insulini bado inahitajika kuimaliza ile asidi, ukiikata mapema asidi inarudi. Ile nyingine ya wazee wenye kisukari aina ya pili (HHS), sukari juu ya 33 mmol, wamekauka sana lakini asidi hakuna, isome pembeni ya hii uone tofauti, dakika kumi zinatosha.

Umeona? Mada moja imekupa dawa, vipimo, fiziolojia na uuguzi, na hatujaanza na maana yake.

Sasa kuna vitu vinavyofanana ambavyo lazima uvisome vikiwa vimekaa pamoja, ukivisoma mbalimbali vinakuchanganya siku ya pepa. Kubwa kuliko zote ni shoki ya kupoteza damu na presha kupanda ndani ya kichwa. Kwenye shoki mapigo yanapanda, presha inashuka, pumzi haraka, ngozi ya baridi, mkojo unapungua chini ya mililita 30 kwa saa. Kwenye kichwa ni kinyume, namba ya juu ya presha ya damu inapanda, mapigo yanakuwa ya polepole, pumzi inakosa mpangilio, huo utatu wa Cushing, na ukiuona umeshachelewa kwa sababu kilichotangulia ni fahamu kubadilika. Mgonjwa aliyekuwa anakujibu vizuri saa mbili usiku, saa nne anajibu kwa kuvutavuta maneno, hiyo ndo taarifa ya kumpigia daktari, usisubiri mboni ya jicho itanuke. Skeli ya Glasgow ya kupima fahamu inaanzia 3 mpaka 15, akifika 8 au chini fikiria njia ya hewa. Huyu wa kichwa mnyanyue upande wa kichwa nyuzi 30 na shingo ikae katikati, wa shoki mlaze. Na huu mtego nauandika kwa msisitizo: mtu mzima kaanguka na bodaboda, ana jeraha kichwani, presha imeshuka na mapigo yako juu, usiseme ni kichwa, tafuta damu inapovujia, tumbo, nyonga, paja. Paja moja lililovunjika linaweza kuficha lita nzima na zaidi.

Rudi kwa yule wa miaka 54 wa pale juu. Mapigo yamepanda kwanza, presha imefuata, mkojo umepungua, huyo anavuja ndani mpaka ithibitike vingine. Angalia kidonda na chini ya mgongo wake damu inakochuruzika isionekane, angalia dreni (mrija wa kutoa majimaji kwenye kidonda), mlaze, oksijeni, kanula mbili kubwa, maji, ita msaada, damu iandaliwe. Waliopasuliwa wote wasome kwa siku: masaa 24 ya kwanza ogopa damu na njia ya hewa, siku ya kwanza na ya pili mapafu (ndo maana tunawasumbua wakohoe na wavute pumzi ndefu na wasimame mapema), siku ya tatu kuendelea mkojo hasa mwenye katheta, ya tano mpaka ya saba kidonda kuoza, na kuanzia hapo ogopa damu kuganda mguuni. Mguu mmoja umevimba una joto unauma nyuma, usiukande, donge linaweza kukatika likaenda kwenye mapafu. Mshono ukiachia na utumbo ukatoka usiurudishe, funika kwa gozi isiyo na vijidudu (ile ya chumba cha upasuaji) iliyolowa salaini, mkunje magoti, asile, ita daktari wa upasuaji, kaa naye.

Piopi (POP, plasta ngumu ya mfupa uliovunjika). Hii nataka muielewe mpaka mwisho kwa sababu kwetu bodaboda zimejaza wodi za mifupa na kijana anaweza kupoteza mguu kwa uzembe wa usiku mmoja. Mguu ukivimba ndani ya plasta au hata ndani ya ule utando unaofunika misuli, presha inapanda, damu haifiki, misuli na neva zinakufa, na ndani ya kama masaa sita uharibifu unaweza kuwa wa kudumu. Dalili ya mapema ni maumivu makali kuliko jeraha lenyewe, dawa ya maumivu haiyatulizi, na ukivuta vidole vyake taratibu anapiga kelele. Ganzi na kuchomachoma zinafuata. Kukosa mapigo ya mguuni ni mwisho wa safari, kwa hiyo ukisoma jibu linalosema mapigo bado yapo basi tusubiri, lifute. Mgonjwa anayelia usiku na piopi mpya sio msumbufu, mguse vidole, mwambie avitikise, ita daktari, plasta ipasuliwe mpaka kwenye ngozi pamoja na pamba yake, na mguu uwe usawa wa moyo, ukiunyanyua sana unapunguza hata ile damu kidogo inayofika.

Kuungua nako usikuruke ukidhani ni kazi ya hospitali kubwa. Lori la mafuta lilipolipuka Msamvu pale Morogoro Agosti 2019 majeruhi walipokelewa kwanza na hospitali ya mkoa ndo wengine wakapelekwa Muhimbili, kwa hiyo anayemuona wa kwanza anaweza kuwa wewe. Sauti ya kukwaruza, masizi puani, nyusi zimeungua, hapo fikiria koo linavimba na njia ya hewa itafunga, hilo linatangulia kabla ya kidonda chenyewe. Alafu maji. Kanuni ya tisa, ya kukadiria asilimia ya mwili iliyoungua: kichwa 9, kila mkono 9, mbele ya kiwiliwili 18, nyuma 18, kila mguu 18, sehemu za siri 1. Kanuni ya Parkland ni mililita 4 mara kilo mara asilimia iliyoungua, dripu ya Ringa lakteti, nusu inaingia masaa 8 ya kwanza na nusu masaa 16 yanayofuata, na yale 8 yanahesabiwa tangu ALIPOUNGUA sio alipofika. Kilo 60 kaungua asilimia 30 ni mililita 7200, nusu 3600, kachelewa njiani masaa mawili yamebaki sita, basi mililita 600 kila saa. Kwa seti ya dripu ya matone 20 kwa mililita hiyo ni matone 200 kwa dakika, huwezi kuyahesabu, kwa hiyo gawa kanula mbili. Utajuaje yanatosha? Mkojo, kwake yeye angalau mililita 30 kwa saa.

Moyo kushindwa kazi nasema kwa kifupi: kushoto kunajaza mapafu, kulia kunajaza mwili, mkalishe miguu ining'inie, mpime uzito kila asubuhi kwa sababu maji yanaonekana kwenye mizani kabla hayajaonekana miguuni, Lasix (dawa ya kukojoza maji) inaondoka na potasiamu na potasiamu ikiwa chini digoksini (dawa ya moyo) inakuwa sumu, mapigo chini ya 60 usimpe digoksini, kwanza uliza. TB unaijua, miezi miwili dawa nne miezi minne dawa mbili, ila shika dawa na madhara yake: rifampisini mkojo wa machungwa (kawaida, mtoe hofu), isoniazidi ganzi ya miguu ndo maana anapewa piridoksini (vitamini B6), ethambutoli macho, na zote kasoro ethambutoli angalia ini. Malaria kali usisahau kupima sukari. Mtu wa kanda ya ziwa anatapika damu nyingi ghafla na bandama ni kubwa, fikiria kichocho cha tumbo kimepandisha presha kwenye mishipa ya ini. Kuongezewa damu, watu wawili mnahakiki, kaa naye dakika 15 za mwanzo, akianza baridi, homa, kiuno kuuma au kubanwa kifua SIMAMISHA damu kwanza, badilisha mpira, weka salaini, ndo mengine yafuate, na mfuko usivuke masaa manne.

Ratiba yake iko hivi. Asubuhi mada moja kwa maswali manne, bila kufungua desa, andika unachokijua kwenye karatasi tupu alafu ndo ufungue ujaze kwa kalamu ya rangi nyingine, ile rangi ndo itakuonyesha pa kurudia kesho kutwa. Jioni pasti pepa, na kila swali ulilokosa andika kwa nini jibu lao limetangulia lako, kwa sababu mara nyingi majibu yote manne ni sahihi wanataka la kwanza. La kwanza ni njia ya hewa, pumzi, damu kwa mpangilio huo, na kama hali ya mgonjwa haijulikani bado basi kumpima kunatangulia, lakini kama swali limeshakupa vipimo na vinatisha usichague kupima tena, chagua kutenda. Kwenye diskasheni msisomeane desa, mmoja awe mgonjwa mwingine awe nesi wa zamu, mgonjwa atoe dalili mojamoja.

Na kama upo fildi (mafunzo ya vitendo wodini), unapopokea zamu chagua kitanda kimoja ujiulize yale manne kabla ya kufungua faili, alafu muulize sista wa zamu kama umepatia, wengi wanafurahi kuulizwa.

Nawaachia moja ya kufanya usiku huu: kilo 70, kaungua asilimia 40 saa 4 asubuhi, kafika kwako saa 7 mchana, maji hajapewa. Ukipata mililita 1120 kwa saa mpaka saa 12 jioni, umeelewa.