Ukifokasi maji, jiwe linapotea

Picha nyingi za Jiwe la Bismarck, lile lililo Ziwa Victoria pale Mwanza, na taswira yake majini huharibika kwa sababu mpiga picha amefokasi maji yenyewe. Taswira haikai juu ya maji. Mwanga umetoka kwenye jiwe, ukagonga maji, ndipo ukaingia kwenye lenzi, na lenzi inahesabu safari yote. Kama maji yanayobeba taswira yako mita 5 kutoka kwako, na kutoka hapo hadi jiweni ni mita 35, fokasi ni mita 40. Ukiiweka mita 5 utapata majani na mapovu safi kabisa, na jiwe la kwenye taswira litakuwa ukungu.

Asiyeamini ajaribu saluni. Kamera iwe mita 1 kutoka kwenye kioo, mteja akae mita 1.5 kutoka kwenye kioo hichohicho: pete ya fokasi isome mita 2.5. Kwa lenzi ya 50mm, sensa ya APS-C (ile ndogo ya kamera nyingi za kawaida) na f/2, yaani tundu la lenzi likiwa wazi sana, kinachotoka wazi ni kama sentimita 20 tu za kina. Alama za vidole na vumbi la kioo vinayeyuka, uso unabaki.

Sasa majini. Nenda alfajiri. Upepo wa ziwani ukishaanza kuvuma kuja nchi kavu, viwimbi huikatakata taswira na hakuna fokasi itakayoirudisha. Fokasi jiwe lenyewe, si taswira yake, maana umbali ni karibu uleule, kisha zima otofokasi ndipo upange picha upya. Otofokasi ikiachiwa maji hung'ang'ania gugu maji lililo karibu, au huhangaika mbele na nyuma bila kushika kitu. Kwenye simu, gusa jiwe na ushikilie kidole hadi fokasi ijifunge.

Ukitaka na mtumbwi wa mbele uonekane vizuri, hapo ndipo namba ya f inapofanya kazi: ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo na kina kinachotoka wazi huongezeka. Kwa lenzi ya 18-55mm ya kawaida, kwenye APS-C, ukiwa 18mm na f/11, weka fokasi mita 1.5: kila kitu kuanzia sentimita 75 hadi upeo wa macho kitakubalika, taswira ikiwemo. Ukivuta hadi 55mm kwa f/11 hiyohiyo, fokasi inahamia kama mita 14, na ukali unaanzia mita 7. Mtumbwi ulio mita 2 kutoka kwako umeshakosa. Usikimbilie f/22, tundu likiwa dogo hivyo mwanga hutawanyika na picha nzima hulegea, hata pale ulipofokasi.

Dimbwi la barabarani baada ya mvua ni gumu zaidi, maana lenzi iko sentimita 10 juu ya maji, ukingo wa tope uko sentimita 20, na jengo linaloonekana ndani liko mita 30. Hakuna f itakayobeba vyote. Chagua jengo, au weka kamera kwenye stendi upige mbili, moja ya ukingo na moja ya jengo, uziunganishe kwenye kompyuta.

Filta ya polaraiza, ile ya kukata mng'ao, ivue kabla hujaanza. Ukilenga maji kwa pembe ya kama nyuzi 37 kutoka usawa wake, filta hiyo ikizungushwa vibaya inaweza kuifuta karibu taswira yote, nawe ukabaki unaona mawe ya chini ya maji.