Kuwapeleka wanafunzi Kenya kuonana na marafiki zao wa kalamu

Tuchukue darasa la wanafunzi 30 wa Arusha ambao wamekuwa wakiandikiana barua na wenzao wa shule moja iliyo pembezoni mwa Nairobi. Kutoka Arusha hadi Namanga ni kilomita kama 110, na kutoka mpakani hadi Nairobi kama 165. Umbali si kitu. Safari za namna hii hukwama kwenye karatasi, na hukwama miezi kadhaa kabla ya dereva kuwasha basi.

Anza na kalenda mbili. Huku muhula wa kwanza huisha mwanzoni mwa Juni. Kenya wana mihula mitatu, na Juni wako katikati ya wa pili, hivyo wenyeji wako darasani na wageni wako huru. Aprili na Agosti wao hufunga. Ukienda wakati huo utapokewa na mlinzi wa geti. Muulize mwalimu mkuu wa kule tarehe za mapumziko ya katikati ya muhula, akujibu kwa maandishi.

Karatasi: anza miezi minne kabla

Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria. Orodha ya majina yenye mhuri wa shule haivushi mtu. Kwa raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hakuna viza wala ada ya kuingia, lakini pasipoti inagongwa mhuri kama kawaida. Kwa mzazi ambaye pasipoti inamlemea, Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya kusafiria, ambayo ni nafuu na inatosha kwa safari moja ya nchi jirani.

Kinachochelewesha zaidi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Asha Juma Salim, rejista ya shule inasema Aisha Juma, na mama ana herufi tofauti kwenye kitambulisho cha NIDA. Linganisha majina yote wiki ya kwanza kabisa, ili wenye dosari wapate muda wa kwenda RITA, wanaosajili vizazi na vifo, au kula kiapo kwa wakili. Ukiligundua hili mwezi wa mwisho, mtoto huyo atabaki.

Ridhaa ya wazazi iandikwe barua moja kwa kila mtoto, wasaini wazazi wote wawili wakiwepo, igongwe mhuri wa wakili, na itaje jina la mwalimu anayesafiri naye. Toa nakala tatu. Kama shule ni ya serikali, ombi la kibali lipitie kwa afisa elimu hadi kwa mkurugenzi wa halmashauri; na walimu, kwa kuwa ni watumishi wa umma, wanahitaji kibali chao cha kutoka nje ya nchi. Kibali cha mwalimu mara nyingi hutoka nyuma ya hati za watoto, kwa hiyo kiombe kwanza.

Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, basi usiwapeleke watoto wiki ya safari. Mwenye mzio wa mayai aonwe na daktari kwanza. Kadi zinazouzwa stendi ni za kughushi; usizikubali hata mzazi akikuapia.

Kuhusu basi, kabla ya kulipa malipo ya awali mwombe mwenye gari akuonyeshe bima ya COMESA inayofanya kazi Kenya, kadi halisi ya gari, na barua ya kumruhusu dereva kulivusha. Bima ya ndani peke yake haitoshi. Dereva akisema "tutamalizana mpakani", tafuta basi jingine.

Mpakani

Ondokeni saa 11 alfajiri. Namanga ni kituo cha pamoja: ukienda Kenya, mihuri ya kutoka na ya kuingia yote hugongwa upande wa Kenya, ukirudi, yote upande wa Tanzania. Kundi la watu 35 linaweza kuchukua saa moja hadi mbili. Panga pasipoti kwa mpangilio uleule wa orodha, kila moja ikiwa na kadi ya chanjo na barua ya ridhaa ndani yake. Fedha badilisheni benki au duka rasmi, si kwa vijana wa barabarani.

Mizigo isifungwe kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017. Zawadi zisiwe matunda, mbegu wala nyama. Leso, vitabu vya hadithi na beji ya shule vinapita bila maswali. Weka kikomo cha bei kwa wote, kama TSh 5,000, la sivyo kuna watakaoona haya kufungua mfuko.

Siku yenyewe

Tenga siku nzima. Kubanana na ziara ya mbuga ya wanyama ni kuwanyima watoto kile walichokijia.

Wiki mbili kabla, pata orodha ya jozi iliyohakikiwa jina kwa jina, maana kule pia watoto huhama shule. Mwombe mwenyeji aandae wanafunzi watatu au wanne wa akiba. Mtoto anayefika na kuambiwa rafiki yake hayupo huharibikiwa na siku yote.

Hotuba ziwe za dakika kumi, na mgeni rasmi asiwepo kabisa ikiwezekana, kwa kuwa atachelewa. Watoto walioandikiana mwaka mzima huonana wakanyamaza, ni kawaida. Wape kazi ya mikono wakiwa wawili wawili: kusomeana barua ya kwanza kwa sauti, kuchora ramani ya mtaa wa kila mmoja, kisha kusukuma chapati pamoja. Baada ya nusu saa utaomba utulivu.

Walale bwenini pamoja na walimu wao, mtu mzima mmoja kwa watoto kumi, mmoja wao mwanamke. Kugawanywa kwenye nyumba za wenyeji kunaonekana ukarimu, ila usiku mtoto akiugua hutajua yuko wapi.

Kurudi, tokeni Nairobi asubuhi kabla ya foleni ya Mlolongo na Kitengela kukaza. Pasipoti zikae kwa mwalimu mmoja hadi Arusha, na kila mzazi asaini anapokabidhiwa ya mwanawe.